Sinia Langu Halikuletwa

Kwetu kisiwani Chula, mtoto hapelekwi kwa fundi wa vyombo vya baharini mikono mitupu. Baba yake humtanguliza na sinia: halwa, mahamri, birika la kahawa, na juu yake kikoi kipya kilichokunjwa. Mafundi hukaa chini penye vumbi la mbao, husoma Fatiha, hula, hunywa, kisha fundi mkuu humtia mtoto tezo, kishoka cha kuchongea mbao, mkononi na kumwambia apige pigo moja katika gogo lolote lililo karibu. Basi. Tangu saa ile yule ni mwanafunzi, na fundi amebeba amana, hana ruhusa kumficha kazi. Siku mwanafunzi akihitimu, baba hurudi tena, safari hii na kilemba, nguo ya heshima ya kumvisha fundi, na fundi husimama mbele za watu akasema, "Huyu nimemfungua." Asiyefunguliwa si fundi, awe na mikono ya namna gani. Hakuna mwenye mali atakayemkabidhi chombo chake.

Mimi sinia langu halikuletwa. Naliweka mbele jambo hili nisije nikaambiwa nimezunguka. Wako wasemao mimi nikieleza kitu nazunguka sana, na wako wasemao sizunguki hata kidogo, nachoma. Chagueni wenyewe.

Nilizaliwa Mombasa, katika nyumba ya kupanga iliyojaa watu wa visiwani waliokimbia vita vya Somalia. Wenzangu walipoanza kusema, mimi sikusema. Walipoanza kugombana na kutukaniana mama, mimi bado kimya, nimeegemeza sikio kwenye meza ya cherehani ya jirani nikisikiliza inavyonguruma. Mama akiniita sigeuki. Mtu akinishika kichwani napiga ukelele mpaka nyumba nzima ianze kumlaumu. Wakanipeleka kwa daktari. Nilikuwa na miaka minne, na katika safari hiyo nakumbuka feni tu, ilikuwa na bawa moja lililopinda na kila likizunguka linagonga. Walizungumza nini chini ya feni ile sikujua, wala hakuna aliyeniambia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Maneno yalikuja yenyewe baadaye, tena mengi, hata mama akawa anasema heri ningebaki bubu apumzike. Alisema kwa mzaha na mimi nilijua ni mzaha, maana alinieleza kuwa ni mzaha. Hiyo ndiyo tabia yake niliyoipenda kuliko zote. Watu wengine hukuacha ubahatishe, mama alinieleza. Kwa hiyo nilimwamini yeye kuliko mchu yeyote, kama tusemavyo sisi Wabajuni.

Sauti ilipoanza kunivunjika tukarudi kwetu. Baba alifungua duka la nyavu na kamba Kismayo, akawa anakaa huko na kuja kisiwani akipata nafasi. Mimi na mama tukakaa Chula, nyumba ya pili kutoka kwa ami, kaka mkubwa wa baba, ambaye ndiye fundi mkuu wa pale. Vyombo vinavyoundwa siku hizi si vingi. Watu wananunua boti za plastiki zilizotengenezwa kwingine. Lakini mashua za mbao bado zipo, na mashua haiachi kuugua, leo ubao umeoza, kesho wanataka makalio yake yakatwe yakae injini. Kazi haikosi.

Siku niliyopelekwa naikumbuka kuliko ninavyokumbuka ya juzi. Baba alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, alijua sipendi kiganja. Tulimkuta ami kando ya mashua iliyotolewa mbao za ubavuni. Baba akaniacha nimesimama, akaenda naye pembeni wakanong'ona. Ami akanitazama, akatikisa kichwa, akanitazama tena. Kisha baba akarudi, akasema, "Kaa na ami yako. Msikilize." Akaenda zake.

Wiki ile ile nilikuwa nimemwona mtoto mwingine akiletwa, sinia limefunikwa kawa, mafundi wanalamba vidole. Kwa hiyo nikauliza, "Ami, sinia langu liko wapi?"

Akacheka. "Sinia la nini baina yetu? Wewe ni mwanangu."

Mafundi wakaitikia kuwa ndivyo, damu nzito kuliko maji. Nikaona nimependelewa. Mimi nikiambiwa neno nalishika lilivyo, sina mahali pa kuweka neno lenye sura mbili. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba mimi sikuhitaji sinia kwa kuwa ni mwana wa fundi. Alikuwa amenipa kisogo, anapepeta mchele. Akasema, "Alhamdulillahi."

Kazi niliyopewa ilikuwa kalafati, kuziba nyufa kati ya mbao. Unasokota pamba iwe kamba, unaichovya mafuta ya papa, unaishindilia ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo ya mti, mpaka ikae. Wengi hawaipendi. Mafuta yale yananuka, na harufu ikishakupata hata mkeo anakukimbia. Mimi sikuwa na mke na harufu ile sikuichukia. Nilichokuwa sikiwezi ni ile mashine ya umeme ya kupigia randa. Ikiwashwa tu masikio yananiuma mpaka menoni, naondoka. Ami aliniruhusu niondoke. Nilisema moyoni, ami yangu ananijua. Nilimpenda, nasema wazi. Nilimpenda kama mtu anavyompenda aliyempa pahala.

Maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na pahala. Nyundo ya kalafati ina mlio wake, unaanza mkavu, kisha unazidi kuwa mnene kadiri pamba inavyojaa, na ukishakuwa mnene unajua pamekubali. Nilikuwa napiga kutwa. Mwishowe chombo humwagiwa maji ndani, sisi tunalala chini kwenye mchanga, macho juu, kutazama kama patadondoka tone. Nilipenda kulala pale. Mafundi wakinitania kwamba nikioa nitammwagia bibi harusi maji nione kama anavuja. Nami nikicheka, baada ya kupata maana yake.

Lakini mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, sikuwahi kuulaza. Mataruma, zile mbavu zake, sikuwahi kuyachonga. Nikimwomba ami anionyeshe, ananipiga kibega kidogo, anasema, "Siku yako itafika." Nikarudi kwenye pamba yangu nikingoja siku yangu. Na jingine: kila akija mwenye chombo kuzungumza, mimi nilitumwa maji. Niliwahi kumwambia mwenye mashua mmoja kuwa rangi aliyochagua ni mbaya na kuwa alidanganywa bei ya injini, kwa hiyo nilielewa kiasi. Ila nilidhani pia mafundi wana kiu. Nilikuwa nachota ndoo mbili badala ya moja, ili watosheke.

Wakapita wanafunzi. Waliokuja na masinia yao walikuja, wakajifunza, wakafunguliwa, wakaenda. Wale wa mwanzo niliwaona wakubwa kwangu, nikasema haki yao. Ndipo akaja kijana mmoja kutoka kisiwa cha Kudha. Alikuja na sinia kubwa, halwa nzuri, na hakujua hata kusokota pamba. Mimi nilimfunza. Nilimkalisha mbele yangu nikamwonyesha jinsi ya kuipindisha juu ya paja. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Alijifunza, akapelekwa kwenye mataruma, akapelekwa kwenye mkuku, na mimi nipo pale pale na patasi yangu butu.

Siku ya kufunguliwa kwake baba yake alivuka kutoka Kudha na kilemba cheupe kilichotiwa udi. Pwani ilijaa. Ami akavishwa, akasimama, akasema maneno yale, "Huyu nimemfungua," na wanawake nyuma ya uzio wakapiga vigelegele. Vilipokwisha nikasimama. Sikuwa na hasira, wallahi. Nilikuwa nauliza tu, kama mtu anavyouliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Nikasema, "Ami, na mimi lini?"

Mtu akakohoa. Ami akatazama kahawa yake.

"Wewe ni mchu wa nyumbani," akasema.

"Nimeuliza lini."

"Kaa chini, mwanangu, tule."

"Nikae mpaka lini?"

Akainua uso, na sikuwahi kumwona amechoka vile. "Kamuulize babako," akasema. Watu wakaanza kuzungumza kwa haraka, wote kwa pamoja, juu ya samaki.

Asubuhi yake nikapanda boti ya abiria iliyokuwa inapeleka kamba wabichi Kismayo. Nilimkuta baba dukani, anapima kamba ya nanga kwa dhiraa za mkono. Alipoona uso wangu akamwacha mteja. Nilimwambia yaliyotokea. Akafunga nusu ya mlango, akakaa juu ya robota la nyavu, akanieleza.

Hapo ndipo nilipolisikia neno usonji, umri wangu ishirini na sita, ndevu zimejaa. Daktari wa Mombasa ndiye aliyelisema. Baba alilibeba tangu siku ile, akalipeleka kwa ami, ami akalibeba naye. Siku ile waliponong'ona kando ya mashua, baba hakumwomba nduguye anifunze kazi. Alimwomba aniweke. Niwe na pahala pa kwenda asubuhi, nisizurure, nisichekwe. Mtoto wa namna hii haletwi na sinia, kwa kuwa fundi akila halwa ya mtu amefunga ahadi, na ahadi ile ami asingeweza kuitimiza. Ndivyo walivyokubaliana, wawili wao, watu wazima, waswalihina.

Umeona mama anapopika chapati, mtoto akilia hupewa kidonge cha unga naye asukume? Mtoto anajiona anapika. Unga ule mwisho hutupwa kwa kuku. Miaka yangu yote pale pwani ilikuwa unga ule.

"Daktari alisema sitakuwa fundi?" nikauliza.

"Alisema ni kitu cha maisha yote. Alisema hutakuwa kama wenzio."

"Niulizacho ni kingine. Alisema sitakuwa fundi?"

Baba akapangusa uso kwa ncha ya kikoi. "Mwanangu, ulikosa nini? Ulikula, ulivaa, ulikuwa na watu wako. Niambie ulikosa nini."

Ningekaa pale ningemjibu kwa mikono. Nikatoka nje. Mtu anakuhukumu ungali hujui kufunga kikoi, hukumu haikatiwi rufani, wala mwenyewe huambiwi kuwa ulihukumiwa, kisha anakuuliza ulikosa nini.

Neno lenyewe halikuniudhi, nieleweke vizuri. Nilikaa mkahawani nikalisoma kwenye simu, nikasoma sana, na mengi nikayaona ni yangu: sauti, kichwa kisichotaka mkono, maneno kushikwa yalivyo. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa hatimaye jina la mtaa alimozaliwa. Kilichoniuma ni kwamba wote walikuwa nalo neno langu isipokuwa mimi. Ami alilijua, na kila aliposema siku yako itafika alijua kuwa hakuna siku. Alinidanganya mimi, nisiyejua uongo. Kuna wizi rahisi kuliko huo?

Nikaapa sirudi Chula. Kismayo, upande wa bandari, kuna kiwanja kinachounda vyombo na kutengeneza, na mwenyewe ni mzee wa Kisomali aliyezaliwa na mama wa Kibajuni. Nilimwendea nikamwambia nataka kazi. Akanionyesha mashua yenye ufa akaniambia nizibe. Nikaziba. Akagongagonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akatabasamu.

"Walaal, nani aliyekufungua?" akauliza. Ndugu yangu, maana yake, na aliuliza kwa wema.

Mtu mwingine angetaja jina lolote. Mimi nikasema, "Sikufunguliwa."

"Fundi wako ni nani?"

Nikamtaja ami. Akafurahi, alimfahamu kitambo. Akatoa simu palepale akampigia, sauti akaiweka wazi ili nasi tusalimiane. Nilisikia nyundo za pwani yetu nyuma ya sauti ya ami. Wakasalimiana sana, hali, watoto, mvua. Kisha yule mzee akasema ana kijana hapa, kalafati yake safi, anataka kumpa kazi ya fundi.

Ami akasema, na nayaandika alivyoyasema: "Yule ni mwana wa mdogo wangu. Mikono anayo. Lakini fundi si, sikumfungua. Ana maradhi ya kichwa tangu utotoni. Ukimtia katika chombo cha watu, kesho jina langu silitaki kulisikia humo."

Vyombo vyote nilivyovitia kalafati kwa mkono huu viko baharini hadi leo, na watu wamo ndani, na watoto wa watu. Ami alivishua yeye, akavishwa nguo yeye, akaombewa dua yeye. Humo sikuwa na maradhi. Maradhi yalinipata nilipotaka kuwa na jina.

Yule mzee akazima simu. Hakuweza kunitazama. "Nisamehe," akasema. "Kazi ya kubeba mbao ipo, ukiitaka."

Nikamwambia nitamjibu. Nikarudi Chula kwa mama, maana nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akauliza kama nimekula. Nikamweleza yote kwa mpangilio, ami, baba, simu. Alikuwa anakuna tu. Nazi ikaisha nyama, yeye bado anakuna, mpaka vumbi jeusi la kifuu likaanza kuanguka juu ya nazi nyeupe iliyokunwa. Nikamwambia, "Mama, umefika kwenye kifuu." Ndipo akaacha.

"Kuna kitu babako hakukwambia," akasema, "kwa sababu hakijui."

Akaniambia kwamba chini ya feni ile, daktari alipolitamka neno, baba alisimama akatoka. Alikwenda kusimama barazani na hakurudi tena ndani. Mama akabaki peke yake, mimi nimekaa mapajani mwake. Daktari alikuwa hajamaliza. Daktari alimwambia asikate tamaa, kwamba wako wengi wa namna hii wanaofanya kazi na kuoa na kukaa na watu. Akamwambia mtoto huyu apelekwe mapema kwa mtu mvumilivu amfunze kazi ya mikono, afunzwe yote hatua kwa hatua, asifichwe kitu. Na akishakuwa na akili ya kuelewa, aambiwe mwenyewe.

Nikamuuliza, "Uliyasikia hayo yote?"

"Niliyasikia."

"Ulimwambia nani?"

Akaanza kuokota vipande vya kifuu kimoja kimoja kwenye nazi ile. "Nilipotoka nje nikamkuta babako analia. Akaniambia, usiniambie chochote, nimeshasikia. Nikanyamaza. Kisha tukaja huku, na alikuwa keshasemezana na ami yako. Ningekwenda pwani kwenye wanaume, niseme nini?"

"Ungesema aliyoyasema daktari."

"Ningemwaibisha babako."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliisema methali ile chuoni, nikaitoa kwa moyo, sikujua inazungumza juu ya nguo ipi. Ami alinificha neno, lakini ami alilichukua kwa baba. Baba alikosea, lakini baba hakusikia. Mama alisikia. Mama, aliyekuwa akinieleza kila kitu, mzaha na kweli, kijicho na tabasamu, ili nisibahatishe, alikaa na jambo hili moja tangu nikiwa mapajani mwake. Nilimpitia kila jioni nanuka mafuta ya papa, namwambia, mama, ami kasema siku yangu itafika, naye ananiwekea maji ya kuoga. Nilimwambia mbele ya uso wake kuwa nimemchukia. Nilidhani atalia. Hakulia, akasema, "Haki yako."

Nikarudi Kismayo nikabeba mbao. Mabega yangu yalichubuka, nikazoea. Kulala nililala kiwanjani. Duka la baba liko vichochoro vichache kutoka pale na sikupita kichochoro chake. Mafundi wa pale waliniita nibebe hiki, nisogeze kile, na nikisikia nyundo ya kalafati inapigwa ovyo nilikuwa naenda mbali nisisikie.

Ilikuwa baada ya Idi, asubuhi, watu wameanza kazi, nikasikia nyundo zinanyamaza moja baada ya nyingine. Nikageuka. Mama yangu alikuwa amesimama langoni na buibui lake, sinia kichwani, kawa juu yake. Pale mwanamke haingii. Hata mwenye kuuza chai huishia nje. Na sinia haliletwi na mama. Asiye na baba huletewa na ami, asiye na ami huletewa na jirani mwanamume. Fundi mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu mama kapotea njia.

Hakupotea. Akaingia, akalitua sinia mbele ya yule mzee, akabaki amesimama. Sauti yake ilifika kila pembe.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Daktari alisema ana usonji. Alisema pia afunzwe kazi yote asifichwe. Babake hakuyasikia haya ya pili, mimi niliyasikia, nikayanyamazia. Aliyempoteza ni mimi. Sinia lake nimelileta mimi."

Yule mzee akalitazama sinia muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima, maana akila amefunga ahadi, na ami yangu ni rafiki yake. Kisha akaita watu wakae. Fatiha ikasomwa. Kawa likafunuliwa: halwa, mahamri yaliyopoa kwa safari ya bahari, kikoi kipya. Wakala. Mimi sikula.

Mzee akanitia tezo mkononi akanionyesha gogo. Nikapiga pigo moja.

Halafu akasema jambo ambalo mama hakulitarajia, hata mimi sikulitarajia, ingawa ni haki tupu. "Huko Chula sikuwepo," akasema. "Yaliyokuwa huko sina ushahidi wake, na fundi wa huko amekukana. Kwangu unaanza leo." Akanielekeza nikakae na wanafunzi. Walikuwa wawili, ndevu hawana. Mmoja akanisogezea pamba, akaniuliza, "Unajua kusokota, au nikuonyeshe?"

Nikamwambia anionyeshe. Ndiyo desturi, mgeni huonyeshwa.

Nilimsindikiza mama mpaka kwenye maboti. Tulipita karibu na duka la baba, mlango uko wazi, ndani kuna mtu anapima kamba, hakutoka. Habari zilikuwa zimeshamfikia, Kismayo haina siri. Mama alikuwa amebeba sinia tupu ubavuni, na kulipowadia kupanda akanigeukia. Hakunishika, ananijua.

Kwetu mtoto ndiye amwombaye mzazi radhi. Huombwa kabla ya safari, kabla ya ndoa, kabla ya kufa. Sijapata kusikia ikiombwa upande wa pili.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema.

Watu walikuwa wanasubiri apande. Mwingine yeyote angesema nimekuwia radhi, mama, nenda salama. Nilijua ndilo neno lisemwalo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza, miaka ile ya Mombasa, kwamba kuna maneno watu huyasema ili wenzao walale usingizi.

"Bado, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akapanda, akakaa, sinia mapajani. Nikarudi mbio kiwanjani, maana mwanafunzi hachelewi.